Mwaka Nilioharibu Maji ya Mwalimu

Juma lililopita tulimzika Mwalimu Filomena hapa Karatu, na muda mwingi wa msiba nilikuwa nimeshika mwiko. Ndivyo nilivyo. Msiba ukinigusa sana nakimbilia jikoni, maana kule kwenye turubai siwezi kukaa kimya na sina la kusema. Nilikuwa nageuza wali kwenye sufuria kubwa la jumuiya, moshi ukinipa sababu nzuri ya kutoa machozi, ndipo Emanueli, mwanawe wa pekee, akaja nyuma ya nyumba kunisalimia. Naye kazeeka, mvi zimemjaa na tumbo limemtangulia. Aliniuliza habari za mgahawa wangu pale barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, nikamwambia wageni wakija tunakula, wasipokuja tunakula kidogo. Tukacheka kile kicheko cha msibani kisichofika mbali. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jembe aliloazimisha jirani, lile tangi la samaki la mama yake liliishia wapi. Nikamwambia lilipasuka siku tuliyopaka nyumba rangi, tukalijaza udongo tukapanda vitunguu. Ni kweli kabisa. Lakini mwaka ule wa tangi una mambo ambayo Emanueli hajayajua mpaka leo, na yanamhusu, maana ilibaki kidogo tu amhamishe mama yake kwa sababu ya uongo wangu. Mwalimu hakumwambia. Mimi nilikuwa nangoja aniruhusu niseme, na sasa hawezi tena kuniruhusu wala kunikataza, kwa hiyo nasema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka kutoka Mbulumbulu mwezi wa kwanza na begi moja la nguo na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona mara mbili. Mwalimu Filomena alikuwa mjane, amestaafu ualimu wa shule ya msingi, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye shamba la mahindi nyuma yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapofuka kwa presha ya macho, ugonjwa unaokula taratibu bila maumivu, tena unaanzia pembeni ukielekea katikati. La kulia lilikuwa linalindwa kwa matone ya dawa asubuhi na jioni. Daktari alishamwambia kwamba kinachopotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, kumwekea yale matone na kutunza tangi la samaki. Aliyeniajiri ni Emanueli. Alikuja kutoka Dodoma anakofanya kazi, akanikalisha kwenye kochi, akanieleza mambo ya tangi kwa kirefu kuliko mambo ya mama yake, kisha akanitisha kidogo: tangi likinishinda, basi na mama atanishinda, na magari ya kurudi Mbulumbulu yapo kila siku. Nilicheka moyoni. Mimi niliyekamua ng'ombe na kuvuna ngano, nishindwe na samaki wa kukaa kiganjani?

Ile sebule naiona mpaka leo. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, redio ilikuwa na kitambaa, hata kile kitambaa kikubwa cha mezani kilikuwa na kingine kidogo juu yake. Ukutani palikuwa na ramani ya Tanzania iliyokwanguka kwenye maziwa kwa kuguswa na vidole vya watoto. Na kwenye pembe ya mbali na dirisha, juu ya meza ya shule, ndipo lilipokaa tangi la vioo lenye urefu wa mkono wangu. Mwalimu aliachiwa tangi hilo na meneja mmoja wa lodge ya watalii, mzungu ambaye binti yake alimfundisha Kiswahili. Siku walipofunga mizigo wakamletea tangi, samaki, na kimashine cha kupuliza hewa. Samaki walikuwa saba. Watano wa rangi ya chungwa, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Mwalimu aliketi hatua tatu kutoka kwenye tangi, wima kama anasimamia mtihani, akawahesabu kwa sauti. Shingo haigeuki, hiyo ilikuwa sheria yake. Akifika saba ndipo anataka chai. Mimi nilidhani ni mchezo wa uzeeni, mpaka wiki ya pili nilipouliza, akanieleza bila kuzungusha kwamba ndivyo alivyolipima jicho lake. Alikuwa amemwahidi Emanueli kwamba akishindwa kuwafikisha saba kwa wiki nzima mfululizo, atakubali kuhamia kwake Dodoma na nyumba itapangishwa. Aliyasema hayo kwa utulivu, kisha akageukia dirisha, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi, akasema Dodoma ni mji mzuri ila hauna ukungu. Sikuwahi kumsikia akisema neno jingine juu ya Dodoma, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Hakutaka kwenda.

Kila siku saa kumi jioni alinifundisha. Hilo halikuwa kwenye makubaliano na Emanueli. Aliniona siku moja nikisoma gazeti lililofungia vitumbua, akaniuliza kama ningependa kurudia mtihani, nami nikajikuta nimesema ndiyo kabla sijafikiri. Basi tunakaa meza ya jikoni, makande yanachemka, ananitungisha insha na kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu, karatasi ameisogeza mpaka karibu na pua. Alikuwa mkali, jamani. Aliwahi kunipa sifuri kwa insha niliyodhani ni nzuri kuliko zote, kwa sababu nilieleza machweo ya baharini na bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Akaniambia niandike nilichokiona. Nikaandika juu ya kutoa ndama aliyekwama tumboni mwa ng'ombe, akanipa alama kumi na saba kwa ishirini, kisha akanimenyea kiazi kitamu kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumenyewa kiazi na mwalimu. Nilimpenda tangu jioni ile, na nadhani ndiyo maana niliogopa sana kumkosea, na kwa kuogopa ndiyo nikamkosea vibaya.

Sasa nieleze maji. Maji ya bomba ya Karatu yana chumvi zake. Chemsha wiki mbili tu, birika linafanya ukoko mweupe ndani. Emanueli aliagiza samaki wabadilishiwe maji kwa maji ya mvua. Kwa hiyo kila Jumamosi nilitoa theluthi ya maji kwa mpira, nikayamwaga kwenye bustani ya mnavu karibu na mlango wa jikoni, kisha nikateka mengine kutoka kwenye pipa lililokinga maji ya bati. Nilitekea kopo moja zuri la rangi lenye mshikio wa waya. Kopo hilo nilililinda, maana makopo mazuri hayakai, mtu akipita anaondoka nalo. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu Mbulumbulu: nikimaliza, nalisuza kwa maji ya bomba, nalichomeka ndani ya mfuko wa mbolea uliofunguliwa kule stoo, ambako hakuna mwizi wa makopo anayetia mkono. Masika ilipoanza Mwalimu aliweka vibarua wa kukuzia mahindi, yaani kuyatia mbolea yanenepe, wakawa wanaipimia kwa kopo hilohilo na kulirudisha mlemle. Jumamosi nalichomoa, naona ukoko mweupe ndani yake, nasema moyoni haya maji ya Karatu nayo, nalisuza mara moja, nateka. Ndivyo nilivyofanya Jumamosi baada ya Jumamosi.

Mwezi wa tano maji yakaanza kugeuka. Mwanzoni yalikuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, kisha yakashika ukijani, kisha yakawa kijani kabisa, samaki wanatokea na kupotea humo ndani. Nilichanganyikiwa. Nikaongeza bidii, nikawa nabadilisha maji mara mbili kwa wiki, halafu mara tatu, na kila nikibadilisha yanazidi. Ulipoingia mwezi wa sita na baridi yake, ile ya kuvaa sweta mbili na bado unatetemeka, nikaamua samaki wanaugua baridi. Nani asingefikiri hivyo, kwa baridi ya Karatu? Nikalisukuma tangi na meza yake mpaka dirishani ili wapate jua la asubuhi. Mwalimu akasikia meza inaburuzwa akauliza kuna nini, nikamwambia nawaotesha jua, akasema wazo zuri. Baada ya siku nne ungedhani nimepika mlenda mle ndani. Leo mgahawani kwangu nikimwona msichana wa kazi anasugua sufuria kwa nguvu na jasho wakati anatumia kitambaa kichafu, simkaripii. Namwambia tu asimame kwanza aangalie alichoshika.

Asubuhi moja Mwalimu akahesabu akaishia sita. Akarudia, akaishia sita. Akaniangalia kwa lile jicho moja, nami nimesimama na birika mkononi, na jibu lilikuwa jepesi kuliko yote duniani: Mwalimu, maji yamechafuka. Lakini nikayasikia magari ya Mbulumbulu yakiunguruma masikioni, nikasema mwanga wa leo ni mbaya. Kesho yake watano. Kesho kutwa watano. Siku ya nne akaniuliza waziwazi, na nakumbuka alikuwa ameweka mikono yake magotini. Akauliza, "Vero, maji ni safi?" Nikasema, "Safi kabisa, Mwalimu." Uongo mtupu, mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye hakuwa na jicho jingine la kuazima ila langu. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, nitayasafisha na atawaona wote saba na hakuna atakayeumia. Nilijua ninachofanya. Watu husema ujana haujui, mimi nilijua.

Yeye akaamini, ndilo lililoniua. Ukijani haukumfikia kama rangi, aliniambia baadaye, ulimfikia kama giza tu, na giza alikuwa analitarajia. Jumuiya walipokuja kusali Jumatano, nikalifunika tangi kwa kitambaa chake cha kufuma kama inavyofunikwa redio, akina mama wakaimba, wakanywa chai, wakasifia kitambaa. Nilisimama mlangoni nikitabasamu kama mjinga. Wiki hiyohiyo Mwalimu akaanza kugawa vitu. Hakusema anagawa, alikuwa tu akitoa. Kamusi yake kubwa alimpa katekista. Ramani aliibandua akaikunja, akaipeleka shuleni. Kalamu zake nyekundu alizifunga na mpira akaziweka kwenye droo, na jioni nilipomletea insha akaipapasa, akasema tuiache kwanza. Nikaenda kuiweka chumbani kwangu. Makande siku ile yaliungua, tukayala hivyohivyo.

Siku aliyopiga simu nilikuwa naanika nguo chini ya dirisha la chumba chake. Ilikuwa mchana, jua limetoka kidogo baada ya ukungu. Nilimsikia akimsalimia Emanueli na kuulizia wajukuu mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba wiki imekwisha na jana amewaona watatu. Akasema aje mwisho wa mwezi na gari lenye nafasi, ila kitanda cha marehemu baba yake asikiache. Sauti yake ilikuwa ile ya kusoma matangazo asubuhi mstarini. Alipokata simu nikasikia kitanda kikilia, ameketi, kisha akaanza kusali kwa Kiiraqw. Mimi niliyemzoea kwa Kiswahili chake cha darasani nilimsikia akisali kwa lugha ya mama yangu, polepole, akiomba asiwe mzigo kwenye nyumba ya watu. Niliacha shuka nusu kwenye kamba nusu chini, nikazunguka mpaka mlango wa jikoni, nikachuchumaa pale bustanini nikalia kwa kubana mdomo na kanga.

Hapo ndipo aliponikuta Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu wa Singida, alikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, akabaki, na wakati ule ndiye aliyemlimia Mwalimu. Hakuniuliza ninalia nini. Mzee yule alikuwa na adabu ya kukupa nafasi. Akaangalia mnavu. Mstari mmoja tu, ule wa karibu na mlango ninapomwaga maji ya tangi, ulikuwa umenenepa majani mapana ya kijani kizito, na mistari mingine ilikuwa midogo ya kawaida. Akainama akashika jani, akaniuliza, "Binti, huu mstari umeukuzia?" Nikasema sijautia kitu, namwaga hapo maji ya samaki tu. Akatingisha kichwa, akasema mnavu haunenepi hivi kwa maji, huu umekula mbolea tena ya dukani. Nilibaki nimeangalia lile jani. Mimi ni mtoto wa mkulima. Rangi ile naijua tangu sijajua kusoma. Nikainuka nikakimbia stoo, nikachomoa kopo kwenye mfuko, nikapitisha kidole ndani kwenye ule ukoko mweupe nikaulamba. Ulikuwa mkali na wa ubaridi ulimini. Haukuwa chumvi ya bomba. Kopo nililokuwa nalirudisha likiwa na majimaji lilikuwa linajipaka mbolea kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kuikoroga kwenye maji ya Mwalimu. Kwa miezi mitatu nililima majani ndani ya tangi, nikayatia mbolea, nikayasogeza juani.

Nilimwambia Mzee Ramadhani yote, hata uongo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ya tangi ni rahisi: kinachokula mbolea na jua ni mmea, na mmea ukiunyima vyote viwili unakufa. Nifunike nisiache hata upenyo, nitekee ndoo safi, nisiwape samaki chakula kingi. Ya Mwalimu, akasema, hayo ni yangu. Akachukua jembe lake akaondoka.

Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Alikuwa bado kitandani, miguu chini, kilemba amekivua. Nilipiga magoti.

"Mwalimu, maji ni machafu. Ni ya kijani tangu mwezi wa tano. Nilikudanganya. Si jicho lako lililopungua."

Nilisikia kuku wanaparua nje. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Unajuaje kama si jicho?"

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa nililomfanyia. Kwa wiki zote zile hakuna aliyejua, si yeye wala mimi wala daktari, kilichofichwa na maji ni kipi na kilichopotea machoni ni kipi. Nilikuwa nimevichanganya vyote viwili. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakitoka bila mpangilio, kopo, mbolea, Emanueli, magari ya Mbulumbulu, akanyanyua mkono ninyamaze. Akasema, "Nimegawa kamusi yangu, Vero." Hivyo tu. Angenipiga ningeshukuru. Alilala akageukia ukutani, na mimi nikatoka kinyumenyume, nikakaa jikoni nikingoja kufukuzwa. Hakunifukuza. Saa kumi na moja alitoka, akapiga simu Dodoma, akamwambia Emanueli asije kwanza, kuna jambo la nyumbani halijakamilika. Emanueli alibisha, nilisikia sauti yake ikipanda kwenye simu, na mama yake akamwambia kwa upole kwamba bado ana akili zake. Jina langu hakulitaja.

Tulilirudisha tangi pembeni tukisaidiana kulisukuma, tukalifunika kwa mablanketi mawili na shuka jekundu la Kimasai alilokuwa akijifunika miguu. Niliosha ndoo mpya mara tatu kabla sijaitekea, na lile kopo nikampa Mzee Ramadhani alipeleke shambani likaishie huko. Kimashine cha hewa kilinguruma chini ya blanketi siku tano mfululizo. Zilikuwa siku ngumu. Mwalimu hakuninunia, na afadhali angeninunia. Alisema nami kwa adabu, kama unavyosema na mgeni. Alikula nilichopika. Nilipomwekea matone alitazama dari, na tone likimdondokea shavuni nilikuwa siwezi kulifuta kwa kidole kama nilivyozoea, nampa kitambaa ajifute mwenyewe. Asubuhi alikaa kwenye kiti chake mbele ya ule mlima wa blanketi bila kuhesabu kitu. Mara moja alisema, bila kunigeukia, kwamba akiwaona watano baada ya haya atajua ni watano wa kweli. Nilitamani ninyanyue upenyo nichungulie, sikuthubutu. Niliomba kila namna ya maombi niliyoijua. Niliomba awaone saba, na nasema wazi kwamba nusu ya maombi ilikuwa kwa ajili yangu, maana akiwaona saba, basi dhambi yangu inakuwa ndogo, ni ya maji tu.

Siku ya sita asubuhi akaniambia nifunue. Nilitoa shuka, nikatoa blanketi moja, nikatoa la pili. Maji yalikuwa meupe. Nyuma ya tangi niliweza kuona hata msumari kwenye ukuta. Chini palikuwa na vumbi la kijani lililotulia, na samaki wote walikuwa hai, wamechangamka kwa njaa. Saba. Niliwahesabu kimoyomoyo mara mbili kabla sijasogea kando. Nilifurahi mno, nikadhani tumepona sote. Mwalimu aliketi, akaweka mikono magotini, shingo wima, akaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Nilingoja. Yule mweupe na wa chungwa mmoja walikuwa upande wa kushoto, karibu kabisa na kioo, wametulia mahali peupe ambapo mtoto mchanga angewaona. Akaanza tena, akaishia watano.

"Vero," akasema. "Wako wangapi?"

Sijawahi kupewa nafasi ya uongo mwepesi kama ule, na sijapewa tena. Siku tano gizani, samaki wawili wakifa nani angeshangaa? Ningesema watano, wawili wamekufa, angesikitika kidogo kisha angekunywa chai, na angebaki nyumbani kwake akihesabu watano kila asubuhi kwa amani. Ningewatoa wale wawili mchana nikampelekea Mzee Ramadhani kwenye ndoo. Yote hayo nilishayapanga kichwani kabla hajamaliza kufumba mdomo. Na haingekuwa kwa kujiokoa safari hii, ingekuwa kwa kumpenda, ndiyo maana lilikuwa gumu zaidi.

"Ni saba, Mwalimu," nikasema. "Wawili wako kushoto kwako."

Nililia, sikujificha. Yeye hakulia. Baada ya muda akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya tangi lile tangu nifike: akageuza shingo. Taratibu, kuelekea kushoto, kidogo, na kidogo tena, mpaka jicho lake likawafikia. "Wa sita," akasema. "Huyu mweupe, wa saba." Akarudisha shingo katikati, wakampotea, akaigeuza tena, akawapata. Alifanya hivyo mara tatu nne, kama mtu anayejaribu mlango. Kisha akacheka kidogo puani, kicheko cha kujisikitikia, akasema kwamba katika miaka yote ya kutunga mitihani hakuwahi kutunga mbaya kama huu. Nani alimwambia shingo isigeuke?

Nikamuuliza kama nimpigie Emanueli. Akasema Emanueli atapigiwa, ataambiwa jicho limepungua, maana ni kweli, na ataambiwa pia kwamba mama yake bado haendi popote. Na hakwenda, mwaka ule wala miaka mingi iliyofuata. Kisha akainuka, akasimama akiwa amenielekea, akaniambia kwamba giza litakuja, sasa amejua linakotokea, na hataki likija limkute hajajiandaa. Akaniambia kuanzia leo nisihamishe kitu ndani ya nyumba bila kumwambia, na nikiulizwa jambo nijibu lilivyo, hata likiwa baya, hasa likiwa baya. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akalifumba lile jicho lake la kulia ambalo bado lilikuwa linaona, akanyoosha mkono mpaka ukagusa mgongo wa kochi. "Usinishike," akasema, akaanza kwenda jikoni. Alijigonga kwenye meza, akasimama, akaipapasa, akaizunguka. Mimi nilimfuata hatua moja nyuma, mikono nimeifungia mgongoni.